Tulitengeneza nyumba ya mtu: yaliyotupata tukitafuta nafasi ya wasanii hapa Lubumbashi

Kuna vijana wananitafuta kila mara, "yaya, sisi pia tunataka kufungua espasi yetu, tuanzie wapi?", na mi nauliza paka kitu kimoja: nyumba ni ya nani na mmesaini nini. Wengi wananiangalia kama nimechanganyikiwa, walifikiri nitauliza proje, jina, logo, nani ataalikwa siku ya kufungua. Hayo yote yanakuja yenyewe. Nimeona niandike mara moja hapa kwa kirefu, juu kusimulia mmoja mmoja imenichosha na kila mara nasahau kipande.

Tulikuwa kikundi cha watu kumi na kitu. Wachoraji, wapiga picha, dada mmoja mshonaji wa nguo za jukwaani, vijana wa teatre, na wale wa rap ambao walikuwa wanarekodi chumba cha kulala, matela (godoro) imesimamishwa dirishani ili makelele ya barabara yasiingie. Mi nilikuwa nachora kwenye saloni ya mama kule Katuba. Wageni wakija turubai zinatoka uani, mvua ikianza zinakimbizwa ndani, na mama hakusema kitu lakini akipita na sufuria ya bukari unamsikia anavyopumua.

Usifikiri mji huu hauna historia ya hivi vitu. 1946, enzi ikiitwa Elisabethville bado, Mfaransa mmoja Pierre Romain-Desfossés alifungua hapa atelie, karakana ya wachoraji, iliyojulikana kama Hangar, akina Pilipili Mulongoy, Bela na Mwenze Kibwanga walitokea pale, na kazi zao mpaka leo ziko kwenye makumbusho za dunia. Mwaka 1954 yule mzee akafa na atelie ikafa naye, wachoraji wakaingia akademi ya mjini. Mwalimu wetu alikuwa anapenda kuturudishia hiyo hadithi, anasema mahali panaposimama juu ya mtu mmoja pana umri wa yule mtu. Kisha karibu na sisi kuna kituo cha sanaa kinachoitwa Picha, ambacho kilianzisha Biennale yake (maonyesho ya kila miaka miwili) 2008, na kingine kinachoitwa Waza tangu 2010, hizo njo nyumba zilizotuonyesha kwamba inawezekana. Lakini huwezi kuomba watu wawili watatu wabebe wasanii wote wa mji wa mamilioni ya watu. Na tangu makampuni ya madini yarudi kwa nguvu baada ya sheria ya madini ya 2002, nyumba yoyote yenye ukuta mzuri na lango la gari inahesabiwa kwa dola, na bei anayoitaja mwenyewe ni ile anayoweza kulipa enjenia wa mgodi, si mtu anayeuza turubai moja kila baada ya miezi mitatu.

Basi tukaenda kutafuta depo, yaani ghala.

Ilikuwa Kenya, si ile nchi, ni komune ya hapa Lubumbashi, si mbali na soko, zamani walikuwa wanalundika unga wa mahindi. Unga ulikuwa umejipachika kila mahali, kwenye mbao za paa, kwenye nyufa, ukigonga ukuta unashuka mweupe kichwani. Rafiki yangu alitandika rangi ya mafuta jioni ya kwanza, asubuhi akakuta turubai yote imeota ngozi ya unga na fukusi wawili wamekauka ndani ya buluu. Aliiuza hivyo hivyo, mnunuzi alipenda wale fukusi kuliko mchoro.

Mwenye depo alikuwa papa wa heshima, fundi wa zamani wa shaba, alituketisha chini ya mwembe akasema, "Bana bangu, mi siko na shida na makelele, niko na shida na mafranka ya kila mwezi. Mukilipa muzuri mutakaa paka mpaka muchoke." Tukacheka, tukapeana mikono, tukanywa sukre (soda). Hiyo njo ilikuwa kontra, mkataba wetu wote. Dola 250 kwa mwezi, garanti (amana) ya miezi sita, na mwezi mmoja wa komisionere, yule dalali aliyetupeleka, jumla dola 1750 zimetoka kabla hatujanunua hata kufuli.

Hapo nasimama kidogo. Kuna sheria, namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015, inahusu upangishaji wa nyumba ambao si wa biashara, na inagusa nyumba za kuishi pamoja na zile za shughuli za kijamii na utamaduni. Kwa nyumba ya kuishi garanti haitakiwi kupita miezi mitatu. Mtu atakuambia sheria ni ya Kinshasa, hapa watu wanaomba wanavyotaka, na ni kweli wanaomba wanavyotaka. Lakini ukija na ile karatasi mkononi, umeichapisha, umeipigia mstari, unaongea kwa adabu, mazungumzo yanabadilika. Nimeona mwenyewe mtu akishuka kutoka sita mpaka tatu bila kelele, juu hakutegemea wasanii wanasoma.

Tuliingia kwa nguvu. Tulibadilisha mabati, tukamwaga sima (saruji) chini, tukafungua madirisha mawili na kuweka vyuma, tukavuta waya mpya wa umeme kutoka kwenye nguzo, tukachimba choo. Ukihesabu vyote ilipita dola 3000, nyingine ni michango, nyingine mkopo kwa ndugu, na kazi ya mikono hatukuihesabu kabisa. Jumamosi watoto wa mtaa walikuwa wanakuja kuchora, mama zao wanabaki mlangoni kuongea. Vijana wa teatre walicheza pale usiku, taa zimetengenezwa kwa makopo ya maziwa, na watu walijaa mpaka wengine wanatazamia dirishani, yale yale madirisha yetu. Nilikuwa na furaha ambayo sijui niilinganishe na nini.

Mwaka wa pili haujaisha, mtoto wa papa akarudi kutoka Kolwezi na bwana mmoja anayeuza vipuri vya magari ya mgodi. Huyo bwana alizunguka ndani, akagonga sima na kisigino, akaangalia juu kwenye mabati, akauliza umeme unabeba kiasi gani. Mi nilikuwa nasafisha brashi pembeni na nilielewa kabla hawajafungua mdomo. Alitoa dola 700. Papa hakutufukuza vibaya, siwezi kumsingizia, alituita wakubwa wa kikundi, akasema maisha yamekaza, wajukuu wanaingia chuo, akatupa miezi mitatu. Tulipouliza kuhusu mabati na choo na waya alikaa kimya muda mrefu kisha akasema, "Mi niliwatuma?" Na kweli hakututuma. Resi zetu zote, risiti za malipo, zilikuwa zimeandikwa kodi ya mwezi fulani, saini, basi. Hakuna mstari hata mmoja unaosema nani alilipia paa.

Kumbe sisi wenyewe njo tulipandisha bei ya ile depo kutoka 250 mpaka 700. Ingebaki na unga wake na fukusi wake tungekuwa pale mpaka leo.

Siku tulipokabidhi funguo wapaka rangi wa yule bwana walikuwa wameshaanza kupaka chokaa juu ya ukuta ambao vijana walichora kwa wiki kadhaa. Turubai zangu zikarudi kwa mama. Kikundi kikavunjika vipande, watu wakalaumiana kuhusu pesa za mkopo, mmoja aliyekuwa na mkono mzuri kutupita wote aliacha kuchora akaingia kuendesha gari la mizigo la mgodi, na hajarudi. Hii sehemu watu hawaisimulii. Wanasimulia ufunguzi. Kupoteza mahali kunavunja urafiki kuliko kukosa mahali, juu mnapokosa mnakosa pamoja, lakini mkipoteza kila mtu anatafuta aliyesababisha.

Kipindi hicho nilikuwa nasoma usiku kwenye simu habari za wengine, nione kama ni sisi tu wajinga. Si sisi tu. Minneapolis kule Marekani kuna shirika Artspace, lilianza 1979 kama watu wa kusaidia wasanii kupata vyumba tu, wakaona kila mtaa wasanii wanapohamia na kuupendezesha bei inapanda na wanaondolewa, basi wakaacha kutafuta vyumba wakaanza kumiliki na kukarabati majengo wenyewe, na la kwanza la wasanii kuishi na kufanyia kazi, ghala la zamani kule Saint Paul, lilifunguliwa 1990. San Francisco nako, mji ambao pesa za kompyuta zimewafanyia wasanii kile ambacho kobalti inatufanyia sisi, kuna shirika linaitwa CAST, lilianzishwa 2013 kwa msaada wa dola milioni 5 kutoka mfuko wa Kenneth Rainin. Wao wananunua jengo wanalishikilia, kikundi cha wasanii kinalipa kodi huku kinakusanya pesa kwa miaka, kisha kinalinunua kwa bei iliyofungwa mwanzo. Kikundi cha dansi CounterPulse kiliingia hivyo kwenye jengo la 80 Turk Street.

Milioni 5 hapa hatuna, na benki ya kukopesha wachoraji pia sijaiona. Lakini kitu kimoja tungeweza kuiba kwao bila pesa: kufunga bei kwa miaka mingi, kwa maandishi, kabla ya kupigilia msumari.

Na ili ufunge bei inabidi uwe mtu mbele ya sheria. Sisi tulikuwa marafiki tu. Huku kwetu mashirika yasiyo ya faida yanafuata sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001, ni lazima statuti, yaani kanuni za shirika, ziandikwe, zisainiwe na kupita kwa notere, afisa anayethibitisha hati, upate maoni mazuri ya wizara inayohusika na kazi yenu, kwa sisi utamaduni, kisha Waziri wa Sheria ndiye anatoa personalite yenyewe, ule utu mbele ya sheria. Wizara iko Kinshasa, na kutoka hapa mpaka Kinshasa unaenda kwa ndege. Faili letu, sisi tuliobaki kwenye kikundi, lilisafiri kwenye begi la shemeji wa mtu. Ushauri wangu, usiache faili moja likaenda peke yake, weka kopi kila hatua na muhuri wa kupokelewa juu ya kopi yako, hiyo kopi yenye muhuri imetuokoa zaidi ya mara moja, juu nayo unaweza kuonyesha kwamba mko njiani wakati mnasubiri. Na tafuta mwanasheria kijana wa kuwasomea statuti, atakubali kulipwa kidogo kidogo, wa kwetu alilipwa nusu kwa mchoro. Mtu akikuambia anajua mtu wa kuharakisha, hesabu pesa yako mara mbili kabla hujampa.

Bila ile karatasi pia hamna akaunti ya benki kwa jina la shirika, na bila akaunti wafadhili hawawaangalii. Ingawa kwa upande wa wafadhili msitegemee sana. Wengi wanalipa shughuli, onyesho, mafunzo, tiketi ya ndege ya mgeni. Ukiandika kodi ya nyumba ya miezi 12 wanaipiga mstari mwekundu. Tulijifunza kuhesabu ukumbi ndani ya kila shughuli, kila mafunzo yanalipia siku zake za ukumbi, na hiyo wanaikubali bila neno.

Nyumba ya pili tuliipata Kampemba, nyumba kubwa ya zamani yenye uwanja nyuma na stoo mbili, marehemu mwenyewe aliacha watoto wengi. Kijana mkubwa alitaka tusaini siku hiyo hiyo, bei nzuri, dola 300. Tukamuuliza taratibu, kaka, karatasi ya mlikidateri iko wapi? Huku mali ya marehemu ina mtu anayeisimamia kwa jina la warithi wote, na huyo njo anasaini, si anayeshika funguo. Akanuna. Wiki iliyofuata akatokea shangazi mtu na kitenge chake na hasira zake, "Nani anauza nyumba ya kaka yangu?" Tukasema mama shangazi hakuna anayeuza, karibu ukae. Ilibidi tukutane na familia nzima, sukre na maandazi juu yetu, wakabishana mbele yetu mambo ya miaka ishirini iliyopita, na mwisho aliyesaini ni yule binti wa pili ambaye mahakama ilimtambua, na wengine wanne wakaweka saini kama mashahidi. Ilichukua muda mrefu sana na kuna waliotaka tuachane nayo. Leo yule shangazi ndiye mlinzi wetu mkubwa, jirani akilalamika anamwendea yeye kwanza.

Kwenye kontra tuliweka vitu ambavyo depo ilitufundisha. Miaka mitano, kodi haipandi kabla ya mwaka wa tatu na ikipanda ni kwa kiasi kilichoandikwa. Kila tengenezo kubwa linaandikwa kwanza, linapigwa picha, familia inasaini makadirio, na nusu ya gharama inakatwa kwenye kodi mwezi kwa mwezi. Wakiuza nyumba sisi tunaulizwa wa kwanza, na mnunuzi mwingine anaikuta kontra yetu ndani. Imepita kwa notere. Hali ya nyumba siku ya kuingia tuliiandika chumba kwa chumba mpaka bomba linalovuja, kurasa nyingi, binti alicheka akasema tunaoa ao tunapanga?

Kitu kingine ambacho hakuna aliyetuambia: shirika likiwa mpangaji rasmi, watu wa kodi za serikali wanaweza kudai kwamba ukate sehemu ya kodi ya nyumba uipeleke kwao, wanaita retenue locative, kabla ya kumlipa mwenye nyumba. Mwenye nyumba akipokea pungufu bila kuelezwa atafikiri mnamwibia. Ongeeni hiyo siku ya kwanza na iandikwe bei ni kabla ao baada ya kukata.

Sasa bei za wasanii, juu hapo njo neno "nafuu" linapimwa. Chumba chenye ufunguo wako ni dola 25 kwa mwezi, meza kwenye chumba cha pamoja ni 10, ukumbi wa mazoezi unalipwa kwa saa. Mwanzo tulipokea franka na bei ilikuwa imeandikwa kwa franka, tukijiona wazalendo. Ikaja 2023. Dola moja ilianza mwaka karibu na franka 2000 ikamaliza juu ya 2500, sisi kodi yetu ni ya dola, kila mwezi shimo linapanuka na hakuna aliyekosa kulipa! Mweka hazina alikuwa analala na kalkuleta. Siku hizi bei imeandikwa kwa dola, unalipa franka ukitaka kwa kiwango cha siku ile, kimebandikwa mlangoni kila Jumatatu. Watu walinung'unika wiki mbili tatu, wakazoea.

Na ukweli ambao wasanii wenzangu hawaupendi, wasanii peke yao hawabebi hiyo nyumba. Wanaotubeba ni mama wa likelemba, wale wa kuchangiana pesa kwa zamu, wanaokutana Jumapili mchana ukumbini, kwaya inayofanya mazoezi Jumatano, mafunzo ya ushonaji ya yule dada ambayo yana wanafunzi kuliko kozi ya uchoraji, na sherehe ndogo ndogo uwanjani. Tuligombana sana kuhusu sherehe, kuna waliosema tunageuza nyumba ya sanaa kuwa sale de fete, ukumbi wa sherehe. Mi nilikuwa upande wao, kisha nikaangalia kitabu cha mapato nikanyamaza. Tulikubaliana mwezi uwe na mwisho wa juma mmoja ambao haukodishwi kabisa, ni wa maonyesho. Na hao mama wa likelemba, kwa kukaa Jumapili zote chini ya michoro, wameanza kutoa maoni, mmoja aliniambia ile ya bluu inamletea usingizi mzuri, akanunua kwa malipo ya awamu tano.

Majirani nendeni kwao kabla ya kufungua. Pitia kwa shefu wa kartie (mkuu wa mtaa), kisha nyumba kwa nyumba. Upande wetu wa kushoto kuna kanisa la maombi lenye spika kubwa kutupita, siku vijana wa rap walipolalamikiwa pasta mwenyewe alikuja kuwatetea, alijua wakianza kupima sauti wataanzia wapi.

Ufunguo na saini za benki viko kwa watu watatu wanaobadilishana kila mwaka, kwa ajili ya ile hadithi ya Hangar. Hii imetupa shida pia, kuna mwaka tulikuwa na mweka hazina mzuri kabisa na ilibidi atoke, na aliyemfuata hapendi karatasi. Tumemwekea msaidizi.

Tuko mwaka wa nne. Familia imeshaanza kutaja bei ya kuuza, ni kubwa, na tumeanza kuweka pembeni dola 2 kwenye kila chumba na asilimia 10 ya kila sherehe, haitafika hata robo kwa muda uliobaki kwa hiyo mkutano wa mwezi ujao ni kuomba kontra iongezwe kabla haijaisha, si baada. Binti amekubali tukae. Shangazi anataka tuanze na hesabu ya bomba la uani, lile linalovuja.